Salamu Katika Chumba Kisicho na Saa

Jumatano, 15 Januari

Mpwa wangu mpendwa,

Niwie radhi. Barua zako mbili zilinifikia, nikazisoma, na zote mbili nikazinyamazia. Ningeweza kukuambia kwamba mkono uliniuma, na kweli uliniuma kwa siku kadhaa, lakini mkono unaouma haumzuii mtu kuandika mistari mitatu. Basi sema tu kwamba mjomba wako alikawia, na umsamehe.

Hapa nyumbani tu wazima. Kitindamimba wangu bado anashona. Cherehani ameihamishia sebuleni kwa kisingizio kwamba chumbani kwake kuna giza, na sasa hakuna mgeni anayeketi hapa asiinuke na pini. Mama yako alipita wiki iliyopita. Anachechemea kidogo lakini mdomo wake hauchechemei hata kidogo: alinihoji mlangoni kabla hata hajavua viatu, kama kule kwako nililishwa vizuri, na kama kweli nilikaa wiki tatu bila dirisha. Nikamwambia nililishwa kuliko ninavyolishwa na mwanangu. Kitindamimba akasikia, na chakula cha jioni siku hiyo kilichelewa.

Nimefurahi kusikia kwamba umehamia nyumba yenye maji. Hata hivyo, katika barua yako ya pili umeandika "masaa" mara nne. Saa ni saa, iwe moja au ziwe mia. Mtu anayechunguza saa ya mwili wa binadamu hana budi kujua namna ya kuitaja.

Sasa nije kwenye jambo lako. Unasema kwamba matokeo yangu ya kile chumba yamewashangaza wakubwa wako, na kwamba mwezi wa Aprili utayasoma mbele ya mkutano wa wataalamu. Nakuomba uniache nje. Mtu aliyestaafu hapendi kutangazwa. Wako wengine waliolala mle kabla yangu. Chukua habari zao, zinatosha.

Yule mama aliyekuwa akiniletea chakula, mliyemwita Mama Mapacha, hajambo? Nisalimie.

Mjomba wako.


29 Januari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika na nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, mfuko wa mboga bado mkononi. Ukimya wako ulinitisha kuliko nilivyokuambia. Namshukuru Mungu kwamba ni mkono tu.

"Masaa" nimeyafuta. Niliwasomea wenzangu maneno yako, na sasa kila mtu kituoni akikosea anaambiwa, "Angalia, Mjomba wa Daktari anakuja." Mimi sijambo, ila usingizi umenikimbia. Wenzangu wananicheka: mchana nafundisha watu kulala, na mimi mwenyewe nahesabu mbao za dari. Mganga hajigangi.

Mjomba, nadhani hujaelewa ulichokifanya, na kosa ni langu, kwa sababu kabla ya jaribio haturuhusiwi kumweleza mtu kila kitu. Acha nikueleze sasa.

Ndani ya kichwa cha kila mtu, nyuma ya macho, kuna sehemu ndogo sana inayofanya kazi kama saa. Ndiyo inayouambia mwili lini upate joto, lini upoe, lini usikie usingizi. Lakini saa hiyo si sahihi kabisa. Kwa watu wengi huchelewa kidogo, na kila siku mwanga wa jua huisukuma irudi kwenye mstari. Ukimweka mtu mahali pasipo jua, pasipo saa, pasipo sauti ya barabara, ukamwachia awashe na kuzima taa mwenyewe, saa yake huanza kwenda itakavyo. Leo analala akiwa amechelewa kidogo, kesho zaidi. Wote waliokutangulia walipotea. Mmoja, dereva mstaafu, alitoka akituaga kwa furaha kwamba atawahi mpira wa Jumamosi, na ilikuwa Jumatatu.

Wewe hukupotea. Kile kipimo cha joto la mwili tulichokubandika kinaonyesha mstari ulionyooka tangu siku za mwanzo hadi mwisho. Mkurugenzi wetu aliukodolea macho, akasema, "Huyu mzee wako amemeza saa ya ukutani?" Tulicheka, lakini yeye hakucheka sana.

Unajua wapo wazee ambao usiku na mchana huwachanganyikia, wanaamka wakati usio wao na kuvaa nguo za kutokea. Watoto wao hufunga milango kwa kufuli. Ikiwa mtu aliyeishi kwa utaratibu maisha yake yote, aliyepiga kengele ya shule hadi mtaa mzima ukamwita Mwalimu Kengele, ameweza kuitunza saa yake bila msaada wa kitu chochote, basi huenda tuna jambo la kuwafundisha watu hao. Ndiyo sababu nakuhitaji. Naomba ridhaa yako tu. Jina lako halitatajwa.

Mama Mapacha hajambo. Nilipompa salamu zako aliinamisha kichwa, akaendelea kupanga trei.

Mpwa wako.


Jumamosi, 18 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 29 nimeipata.

Tu wazima hapa, ila paa limeanza kuvuja palepale lilipozibwa, na fundi aliyeliziba hapokei simu. Kitindamimba ameweka ndoo, nayo inadondokewa wakati wote ninapoandika. Mama yako anasema goti linamwuma zaidi asubuhi. Nimemwambia aende hospitali. Amenijibu kwamba hospitali ndiko goti lilikoanzia kumwuma.

Umeniletea mashaka. Kitindamimba aliisoma barua yako kabla ya kunikabidhi, akamsimulia mteja, na mteja akausimulia mtaa. Sasa siwezi kupita kwa fundi viatu. Juzi aliniita kwa sauti ya kuuza samaki: "Mwalimu Kengele! Saa ngapi sasa hivi? Usiangalie popote!" Nilikuwa nimetoka kuiona saa ya duka la dawa. Nikamtajia. Wakatoa simu zao, wakalinganisha, wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Huyu hana haja ya betri." Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimeuma meno.

Hujaniuliza ndani kulikuwaje, lakini nikuambie. Kulikuwa kimya. Kitanda, meza, rafu ya vitabu, ile baiskeli isiyokwenda popote, choo, na kitufe cha kuita. Kuta za rangi ya maziwa. Wahudumu wanaingia bila saa mkononi, wote wananukia sabuni moja, hakuna anayepiga miayo mbele yako. Mmewafundisha vizuri.

Ridhaa sitoi, na sababu sitoi. Tena hao wazee waliochanganyikiwa usiku na mchana, usiwajengee nyumba juu ya msingi wangu.

Mjomba wako.


20 Februari

Shikamoo Mjomba,

Tu wazima. Mama amenipigia simu; goti linampa nafuu, naye anasema dawa ni kutokwenda hospitali.

Nianze na jambo dogo, na usinikasirikie. Barua yako ya mwisho ina tarehe 18 Januari, na ndani yake unaijibu barua yangu ya tarehe 29. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua isiyo na tarehe sahihi ni kama mtoto asiye na baba. Najua ni kalamu iliyoteleza. Nimelitaja tu kwa sababu kalamu yako haitelezi.

Jambo la pili ni zito.

Mkurugenzi hakuuamini ule mstari wako. Alikaa nao siku nyingi, kisha akaniita, akasema, "Mwili wa binadamu haunyooki hivi. Kuna mtu aliingiza saa chumbani." Akaangalia zamu. Zamu nyingi zilikuwa za Mama Mapacha. Akaitwa, nami nikiwa nimekaa pembeni.

"Ulimwambia mzee saa?"

"Sikumwambia saa."

"Ulimwambia nini basi?"

"Nilimwamkia, kama ninavyowaamkia wakubwa."

"Sheria ya salamu unaijua?"

"Naijua. Shikamoo, na ukiulizwa hali, useme salama, basi."

"Ulisema hivyo tu?"

Waliokuwa mezani walimsubiri, na yeye akaitazama mikono yake. Wamemsimamisha kazi. Mwisho wa Machi itakaa kamati, na ikiona kwamba alivunja sheria kwa makusudi atafukuzwa, tena kwa barua ambayo hakuna hospitali itakayomwajiri akiwa nayo. Anasomesha mapacha wake wawili wa kike peke yake.

Sauti za chumbani hatuzihifadhi; aliye zamu kwenye chumba cha pili huzisikia tu wakati huo huo, kisha zimekwenda. Kwa hiyo hakuna ushahidi mwingine ila wa mtu aliyekuwepo.

Kuna lolote unalolikumbuka, Mjomba? Hata dogo?

Mpwa wako.


12 Machi

Shikamoo Mjomba,

Sijapata jibu, na posta nimekwenda mwenyewe kuuliza. Nilimpigia simu Kitindamimba. Anasema huumwi, unakula, lakini unaanza barua na kuichana, na kapu la taka limejaa "Mpwa wangu mpendwa". Nimemwambia asikusumbue.

Kamati inakaa tarehe 28.

Mpwa wako.


Jumatano, 19 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Leo ni Jumatano. Nimemwuliza Kitindamimba, akanionyesha kwenye kalenda kwa kidole. Naanza hapo kwa sababu hapo ndipo yote yalipoanzia. Habari za nyumbani nitaziandika mwisho. Nikianza nazo nitajificha humo hadi karatasi iishe.

Mama Mapacha hana kosa. Mwenye kosa ni mimi.

Mwaka jana, kabla hujatuambia kwamba mnatafuta wazee wa kulala katika chumba chenu, nilijilaza siku moja baada ya chakula. Nikaamka, nikaoga, nikavaa suti yangu ya kijivu, nikaenda shuleni kuwatazama wanafunzi wakipanga mistari, kama nifanyavyo mara nyingine. Nikakuta lango limefungwa. Mlinzi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, akacheka. "Mwalimu, leo umewahi au umechelewa?" Nikamkaripia: "Kengele inakaribia kulia na wewe hujafungua?" Hapo akaacha kucheka. Akasimama, akavua kofia, akaniambia polepole, kwa sauti wanayotumia watu mbele ya mgonjwa, "Mwalimu, jua lile linazama."

Niligeuka nikalitazama. Jua la asubuhi na jua la jioni hufanana sana, mpwa wangu, kwa mtu asiyejua ametoka wapi. Nikamwambia mlinzi kwamba nilikuwa namjaribu. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu." Hakuna mtu aliyewahi kunidanganya kwa adabu namna ile.

Ilitokea tena, mara nyingine mbili ninazozijua. Sikumwambia Kitindamimba, ingawa nadhani ndiyo maana ya kufuli jipya mlangoni. Ulipotaja jaribio lako nilijitolea siku hiyo hiyo. Wewe ulidhani nataka kukusaidia. Nilitaka cheti. Nilitaka sayansi yenyewe iseme kwamba Mwalimu Kengele bado ni Mwalimu Kengele, nimpelekee yule mlinzi.

Basi nikaingia. Siku za mwanzo nilijiamini. Nikalala, nikaamka, nikabonyeza kitufe, nikaagiza chai na mkate wa asubuhi. Mama Mapacha akaja na trei, akaniamkia. Nikaitika, nikamwuliza, "Umeamkaje?" Akajibu, "Salama." Ndivyo mlivyomfundisha. Lakini mimi nikaona nimejibiwa jibu la kufukuzia kuku. Nikamwambia, "Mwanangu, mkubwa anakujulia hali nawe unamtupia neno moja kama mfupa? Nani alikulea wewe?"

Uso ukamshuka. Mtu mzima, mama wa watoto, akasimama mbele yangu kama aliyekamatwa akiiba. "Nisamehe, Mwalimu," akasema. "Nimeshinda salama."

Ameshinda. Kumbe ilikuwa jioni, nami niko kitandani na mkate wa asubuhi mapajani. Nikainuka ghafla, chai ikamwagika kwenye shuka. Akaifuta bila kunitazama usoni, akabadilisha shuka, akatoka. Alikuwa ameona.

Tangu hapo, kila alipoingia nilimwuliza vilevile, naye alinijibu kwa ukamilifu. Kukiwa asubuhi, ameamka. Kukiwa jioni, ameshinda. Sikumlazimisha tena. Ilikuwa huruma, na mimi nikaila huruma ile pamoja na chakula chake, kila siku, nikawasha na kuzima taa kwa kufuata kinywa chake. Hiyo ndiyo saa niliyoimeza.

Na wewe uliponiandikia kwamba amesimamishwa, nilikaa na barua ile mwezi mzima. Mara ya kwanza nilijiambia atajitetea. Halafu nikajiambia kamati itamsamehe. Kila nilipoanza kukuandikia, niliwaona wale watu wa mtaani wakipiga makofi. Nilipima makofi ya fundi viatu na mkate wa watoto wawili, na kwa mwezi mzima, mpwa wangu, makofi ndiyo yaliyokuwa mazito. Sina neno la kulipamba jambo hilo, na nisingelipamba hata kama ningekuwa nalo.

Mwonyeshe mkurugenzi barua hii. Usipunguze kitu.

Paa limezibwa. Mama yako anatembea vizuri.

Mjomba wako.


30 Machi

Shikamoo Mjomba,

Sote wazima. Mama hajui lolote na sitamwambia isipokuwa wewe ukitaka.

Barua yako niliipata tarehe 26. Nilifunga mlango wa ofisi nikaisoma, kisha nikaisoma tena, na kila mara nilipofika penye "Nimeshinda salama" nilisimama. Si kwa sababu ilinishangaza.

Mjomba, nilikuwa zamu.

Siku ile nilikuwa chumba cha pili, spika juu ya meza yangu, nakula karanga. Nilisikia ulipomwuliza nani alimlea. Nilisikia alipokujibu. Mbele yangu kulikuwa na kitufe chekundu cha kusimamisha jaribio, na nilikitazama. Nikajiambia mara moja haiharibu kitu. Kesho yake nikasikia tena. Nikajiambia siwezi kumtoa mjomba wangu chumbani kama mwanafunzi aliyekutwa na karatasi ya kunakilia. Nitamtazamaje tena usoni? Nikaita jambo hilo heshima. Halafu mstari wako ukatoka umenyooka, watu wakaja kuutazama, na nikaacha hata kujiambia chochote. Ulinishinda uzuri wake.

Nilipokuuliza kama unalikumbuka lolote, nilikuwa nalijua. Nilitaka useme wewe ili mimi nisiseme. Nilimtazama Mama Mapacha akiangalia mikono yake, nami nilikuwa nimekaa viti viwili tu kutoka kwake, na nikaandika anachosema kama vile ndiyo mara yangu ya kwanza kukisikia. Sasa unajua kwa nini silali.

Nilimpelekea mkurugenzi barua yako. Aliisoma yote, akaikunja vizuri.

"Barua hii inamtosha mhudumu," akasema. "Mzee huyu ana ujasiri. Na spika ile, nani alikuwa nayo?"

"Mimi."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai yake, akakaa bila kuivaa. "Ungeniambia siku ile," akasema, "tungepoteza jaribio moja."

Kamati imemrudisha Mama Mapacha kazini. Matokeo yako yameondolewa, Aprili sitasoma kitu, na mimi nimetolewa kwenye utafiti mpaka wakubwa waamue kama nitarudi. Wana haki.

Nilikwenda kwake kuomba radhi. Hakunikaribisha ndani, tulizungumza penye kamba ya nguo, huku anaanika sare za watoto. Nikamwuliza kwa nini hakujitetea, na neno moja tu lingemwokoa.

"Ningesema nini, Daktari? Mbele ya wanaume wote wale? Kwamba mzee wa watu alidhani jioni ni asubuhi?" Akabana nguo. "Hilo si langu kulisema. Lilikuwa lako, wewe wa damu yake."

Nilipoaga, akaniita tena. "Mwambie asiiache chai ipoe. Alikuwa na tabia hiyo."

Sasa hili la mwisho, na nimeliandika na kulifuta kuliko yote. Yaliyokupata langoni si dhambi, na si lazima yawe yale unayoyaogopa. Wakati mwingine ni saa tu iliyolegea kwa umri, na mwanga wa asubuhi na utaratibu huikaza. Wakati mwingine ni zaidi ya hapo. Kuna namna ya kujua. Chumba kile kitakuwa wazi mwezi wa Juni. Mkurugenzi amekubali upimwe tena, si kwa ajili ya utafiti wala mkutano, bali kwa ajili yako. Hatakuwa zamu mtu unayemjua. Utaamkiwa shikamoo, basi. Majibu hatayasoma mpwa wako. Atayasoma daktari wa ubongo, akuambie wewe peke yako.

Ukikataa, nitaelewa. Ukikubali, nitakusubiri nje ya mlango, na ukitoka nitakuambia saa.

Mpwa wako.


Alhamisi, 10 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Sote hapa ni wazima. Kitindamimba ameshona magauni mawili ya watoto wa kike wanaolingana, kwa kipimo cha kukisia, na nitakutumia umpelekee Mama Mapacha. Usiyaite zawadi, wala usiseme ni malipo. Mpe tu. Na mimi nikipata nafasi ya kumwona nitamsalimu, lakini sitamwuliza ameamkaje.

Umekosa, na sitakuambia kwamba hukukosa. Ulikuwa umekaa penye kitufe. Lakini heshima uliyojificha nyuma yake mimi ndiye niliyekufundisha, na sikukufundisha mahali inapokoma. Tugawane.

Ufunguo wa lile kufuli jipya nimemwomba Kitindamimba auweke yeye. Alilia kidogo, kisha akasema pini zake nitazikanyaga peke yangu kuanzia sasa kwa sababu hatanionea huruma tena. Ameendelea na kazi.

Jana nilipita kwa fundi viatu. Akaniita kama kawaida yake, "Mwalimu Kengele! Saa ngapi?" Nikasimama mbele yao wote nikasema, "Sijui." Wakadhani ni mzaha. Wakapiga makofi zaidi ya siku zote. Nikaendelea na njia yangu.

Kuhusu chumba. Nilipoisoma barua yako nilitaka kukujibu ndiyo papo hapo, na nikajua ni kiburi kilekile kimevaa nguo nyingine. Kisha nikataka kukujibu hapana, nikajua hiyo ni hofu. Nimeliacha. Kuingia mle mara ya kwanza nilikuwa nakwenda kuchukua cheti. Safari hii nitakuwa nakwenda kuambiwa. Mtu huhitaji muda.

Nikishaamua, nitakuandikia. Tarehe ya barua hiyo nitaiweka mwenyewe, bila kumwuliza mtu wala kutazama ukutani. Ukiona ina kosa, usininyamazie. Nisahihishe.

Mjomba wako.